Mbegu za haibiskasi "sugu" ya sahani: nyota mbili, ya tatu naishikilia

Nianze na bei manake ndo kitu cha kwanza watu huniuliza wakiona lile ua kubwa kama sahani. Pakiti ya mbegu kumi shilingi 850, boda wa kuileta mpaka mlangoni Bamburi 150, jumla elfu moja kasoro hakuna, elfu moja kamili. Kwa mbegu kumi. Mume wangu alipoambiwa aliuliza kama zimetoka Makka.

Muuzaji ni wa mtandaoni, simtaji jina kwa sababu sitaki maneno na mtu, na pia si mwizi, mbegu alileta na mbegu zilikuwa za kweli. Tatizo langu naye ni lile neno aliloandika kwenye tangazo. Aliweka picha ya mtoto ameshika ua jekundu limemfunika uso wote, halafu chini akaandika "Haibiskasi sugu, haifi kwa lolote, maua mwaka mzima." Sasa wewe unakaa Mombasa, ardhi yako ni matumbawe matupu, maji ya kisima yana chumvi mpaka sabuni haitoi povu, jua la Februari lapasua ndoo za plastiki, ukisoma "haifi kwa lolote" utafanya nini? Nikatuma pesa saa hiyo hiyo.

Kumbe ile sugu ni ya baridi. Yaani huko Marekani watu wa bustani wana haibiskasi za aina mbili, moja ni hii yetu ya kwenye ua wa kila nyumba hapa pwani, Hibiscus rosa-sinensis, ambayo huko kwao barafu ikianguka inakufa, na nyingine ni hii niliyonunua mie, Hibiscus moscheutos na machotara yake, ambayo barafu ikija shina lote lakauka mpaka chini, mtu akata vijiti atupa, halafu joto likirudi mizizi yachipua upya kama hakukutokea kitu. Ndo usugu wenyewe huo. Kuvumilia theluji! Mie theluji naiona kwenye friza ya jirani anayeuza barafu za juisi. Usugu wa chumvi, wa chokaa, wa kukosa maji wiki nzima bomba likikatika, huo hakuna mtu aliyeahidi, na mmea hauna, tena hata kidogo.

Nilipoenda kusoma vizuri (nilipaswa kusoma kabla ya kulipa, najua, msinisute) nikakuta kwao hasa ni vinamasi vya mashariki mwa Amerika Kaskazini. Kinamasi! Mmea wa kusimama na miguu majini umeletwa kwa mtu anayenunua maji kwa mtungi kwenye mkokoteni.

Haya, kuota. Hapa nampa sifa zake. Mbegu ni ndogo ngumu kama kokoto, ganda lake halipitishi maji vizuri, kwa hivyo nilizikwangua kidogo kwa msasa wa kucha upande mmoja nikaziloweka kwa maji ya uvuguvugu usiku mzima. Zile zilizovimba nikazipanda, zilizobaki kavu nikazikwangua tena. Katikati ya Machi hiyo, kabla masika haijaanza, joto la kutosha, na ndani ya siku tisa saba zilikuwa zimetoka. Saba kwa kumi si mbaya kabisa. Halafu mvua ya masika ikaja na konokono zake, wale wakubwa wa ganda la kahawia, usiku mmoja wakala miche miwili ikabaki vijiti. Mmoja aliula mbuzi wa jirani, ambaye huyo ni hadithi ya siku nyingine. Mmoja nilimpelekea mama mkwe Likoni kwa sababu aliuona akausifia na mjua desturi, kitu cha mkwe kikisifiwa chapelekwa. Nikabaki na mitatu.

Mchanga ndo kazi. Mwenye kukaa Bamburi, Kisauni, Shanzu anajua, ukichimba futi moja jembe lagonga jiwe. Na hilo jiwe ni chokaa, na chokaa yafanya madini ya chuma yajifunge mle mchangani, yapo lakini mmea hauwezi kuyanywa. Dalili utaiona kwenye majani machanga, yanageuka manjano lakini mishipa yake inabaki kijani, kama ramani. Mama mkwe aliniambia nizike misumari yenye kutu kwenye shina, nikazika, nikangoja, hakuna kitu, na ukifikiria ni kweli, chuma si kwamba hakimo, kimefungwa, sasa ukiongeza kingine nacho si kitafungwa vilevile? Kilichosaidia ni chuma kile cha kuyeyusha cha agroveti, cha kelati, yaani kimefunikwa ili chokaa isikifunge, unachanganya na maji unamwagia, na baada ya hapo nikaacha kabisa kupanda chini, nikahamishia miche kwenye ndoo za rangi za lita ishirini, nimetoboa matundu machache tu. Machache makusudi. Kwa mmea mwingine wowote ungeambiwa toboa mengi maji yasituame, huu ni wa kinamasi, uache utuamiwe kidogo.

Ndani ya ndoo niliweka mchanga mwekundu niliouagiza na mkokoteni, samadi ya ng'ombe iliyokaa mwaka, na majani makavu ya mvinje yaliyooza. Hayo ya mvinje usiyadharau. Ile Haller Park watu wanapoenda kuangalia twiga na viboko, pale palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya simiti, jangwa la matumbawe halina hata nyasi, na René Haller, bwana shamba wa kiwanda cha simiti, alipoanza kupanda miti pale mwaka 1971 mvinje ndo ilishika. Halafu majani yakaanguka yakarundikana hayaozi, mpaka wakaletwa jongoo, wale wenye miguu myekundu, wakayala wakatoa mbolea, na mchanga ukaanza kuwa mchanga. Sasa nikimwona jongoo uani simuui, namtia ndoo.

Maji nitasema kwa kifupi kwa sababu yanauma. Januari na Februari ndoo moja ya huu mmea inakunywa karibu lita tano kwa siku. Majani yake ni mapana, makubwa kuliko ya haibiskasi ya kawaida, hayang'ai, na saa saba mchana yashalegea yote kama kitambaa kimelowa. Ukimwagilia jioni yasimama. Ukimwagilia maji ya kisima ya chumvi kwa wiki mbili mfululizo kingo za majani zaungua zakuwa kahawia. Kwa hivyo anakunywa maji ya kununua, yale yale tunayopikia, au maji ya kuoshea mchele. Nimeanza kuosha mchele mara nne.

Basi Agosti ikafika. Mimea iko kiunoni mwangu, imenona, majani kama sinia, na ua hakuna. Hata kitumba. Nikamwandikia muuzaji, akajibu "weka mbolea mamangu." Nikaweka ya kuku. Majani yakawa makubwa zaidi. Nikamwandikia tena, akasema subira, nikasema subira yenyewe ni ya mpaka lini, tiki mbili za buluu, kimya. Hapo ndo nyota ya kwanza ilidondoka.

Sasa sikiliza hii. Ndoo moja nilikuwa nimeitoa nyuma nikaiweka barazani mbele, chini ya taa ya usalama, ile inayowaka kuanzia magharibi mpaka asubuhi, kwa sababu tu nyuma ilikuwa inazuia kamba ya nguo. Mwisho wa Septemba ile ndoo ya barazani ikatoa vitumba. Sita. Zile mbili za nyuma, mbegu moja, mchanga mmoja, maji mamoja, hakuna kitu. Nikadhani ni jicho la wageni, watu wakipita wanasifia unafurahi unachanua, nimesema mpaka nikaamini.

Oktoba akaja ndugu yangu, mtoto wa mamangu mdogo, anafanya kazi mashamba ya maua Naivasha. Akasimama barazani akaangalia ua, akaangalia juu kwenye taa, akacheka. "Dada, huyu umemdanganya kuwa ni Juni." Nikamwuliza ya nini. Akanieleza kwamba kuna maua yanahesabu urefu wa mchana, na kule kwao Naivasha kuna aina wanazowashia taa usiku shambani ili zidhani siku ni ndefu, la sivyo zinakaa majani tu mpaka kiama. Nikaenda kutafuta habari za huu wangu na ndivyo hivyo, ni mmea wa siku ndefu, unataka masaa kumi na nne hivi ya mwanga ndo utoe ua. Chicago mwezi Juni mchana unafika masaa 15. Mombasa je? Sisi jua latoka saa kumi na mbili lazama saa kumi na mbili, mwaka mzima tofauti haifiki hata nusu saa. Huu mmea ungekaa kwangu miaka kumi kwenye kivuli cha mwembe au kwenye jua kali, kwa mbolea ya kuku au ya dhahabu, usingechanua. Yule muuzaji "maua mwaka mzima" aliyatoa wapi? Alinakili tu, na aliyemnakili naye labda anakaa pengine kabisa.

Na kichekesho ni kwamba ile binamu yake, rosela, ile ya juisi nyekundu ya futari, Hibiscus sabdariffa, yeye ni kinyume, anataka siku fupi ndo achanue. Familia moja, tabia mbali mbali, kama kwetu.

Nikafanya jaribio langu. Novemba nikachukua ndoo ya pili nikaitundikia balbu ya wati 9 kwa waya wa eksitenshen, magharibi nawasha, saa nne usiku nikienda kulala nazima. Ya tatu nikaiacha gizani. Wati 9 kwa masaa manne kila siku ni kama uniti moja ya umeme kwa mwezi, kwa hivyo wale watakaosema tokeni zitaisha, hapana, friji yako inakula hiyo kwa siku. Katikati ya Januari ndoo ya pili ikatoa vitumba. Ya tatu mpaka leo naandika iko pale nyuma, nzuri, mnene, bubu.

Haya, ua lenyewe. Nitakuwa mkweli. Siku ya kwanza lilifunguka nikiwa natayarisha watoto wa shule, nikatoka na chai mkononi nikakaa chini. Niliweka sahani ya mchele nyuma yake, ua likaifunika bila ukingo kuonekana, sentimita ishirini na mbili. Jeupe, katikati jicho jekundu la damu ya mzee, petali nyembamba kama karatasi ya kufungia mandazi ukiiangalia kwenye jua. Mwalimu wa madrasa aliyepita alisimama. Dereva wa tuktuk alisimamisha tuktuk na abiria ndani, akapiga picha. Sijawahi kupanda kitu kikasimamisha tuktuk.

Magharibi lilikuwa limejikunja. Kesho yake asubuhi tambi la rojorojo limelala kwenye sakafu. Siku moja tu! Ndo umri wake, kila ua siku moja, na kama vitumba vipo vingi linafuata jingine, lakini kwenye ndoo ya lita ishirini nilipata sita, nikapumzika wiki tatu, nikapata manne. Hiyo picha ya tangazo yenye maua kumi na mbili kwa pamoja ni kichaka cha miaka mitatu kando ya bwawa la mtu.

Sasa linganisha na huku. Ukitoka Bamburi unaelekea Mtwapa barabarani kuna wazee wa vitalu, wameweka miche kwenye karatasi nyeusi chini ya miti. Kuna mzee mmoja nimenunua kwake miaka, simtaji naye pia ili nisionekane nampigia debe. Haibiskasi ya kawaida anauza 150, nyekundu, pinki, ya chungwa, ile ya petali mbili mbili 250. Unaichomeka hata kwenye kifusi cha ujenzi. Maji ya kisima inakunywa inanung'unika kidogo tu. Inachanua masika, vuli, kaskazi, kusi, haihesabu masaa, haina habari na Chicago. Na ukikata tawi lenye urefu wa kalamu ukalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kwenye kivuli, mwezi mmoja una mche wa bure, wakati huku kwa mbegu nimelipa elfu nikabaki na mitatu.

Na huyo huyo mzee anayo ile nyingine, ile ya kuning'inia, petali zimechanwachanwa kama shada la kilemba na lile ulimi refu likining'inia chini kama taa ya msikiti. Nilikuwa naipita kila siku nikidhani ni ya Wahindi. Hibiscus schizopetalus, na kwao ni hapa, pwani ya Kenya na Tanzania. Yaani asili yake ni hapa hapa, na hizi haibiskasi za kisasa za rangi rangi zinazouzwa dunia nzima, nyingi zina damu yake. Nilimwambia mzee akanijibu, "Mwanangu, ya nyumbani haina mteja. Nikiiita ya Hawaii yaondoka." Nilinunua kwa 300 bila kuomba kupunguziwa, nilikuwa na aibu.

Wadudu: wanashika mimea yote miwili, huu na haibiskasi ya kawaida, ila huu wa Marekani zaidi, manake majani yake ni laini. Ni wale vidudu vyeupe kama pamba wanaokaa kwenye vikonyo, na sisimizi wanaopanda kuwachunga, ukiona msururu wa sisimizi kwenye shina usiangalie sisimizi, angalia wamekwenda kwa nani. Majani ya mwarobaini nayaponda nayaloweka usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, natia sabuni kidogo ya maji ili yashike, napuliza jioni, kila siku ya tano mpaka waishe. Ukipuliza mchana jua la huku litakaanga majani. Na kitumba kikija nasitisha, kwa sababu ya nyuki.

Jingine dogo: huku hakuna barafu ya kukausha shina, kwa hivyo wenyewe haupumziki, unazidi kurefuka tu mpaka unaanguka kwa upepo. Mwezi uliopita nilichukua panga nikaukata ule wa barazani ukabaki shubiri moja kutoka chini. Mama mkwe alishika kifua. Wiki mbili tu ukatoa machipukizi saba mahali palipokuwa na shina mbili, na kwa kuwa maua yake hutoka kwenye tawi jipya, ndo nangoja. Kwa hapo sina neno, mizizi yake ni ya kweli, hilo "sugu" kwa upande wa panga nalikubali.

Nani anunue? Kama una baraza yenye taa ya kuwaka usiku, una maji matamu ya uhakika, una ndoo kubwa kuliko zangu, na wewe ni mtu wa kuamka mapema uone kitu kabla hakijaisha, nunua, hutajuta, mie mwenyewe pamoja na yote haya sitaki kuuza. Kama una ua nyuma wa giza na maji ya kisima, elfu yako nenda nayo Mtwapa Road utarudi na miche sita na nauli. Wa tatu wangu aliye gizani nampelekea mama mkwe, kwake Likoni kuna taa ya barabarani inayomulika mpaka chumbani kwake na anailalamikia tangu iwekwe, nimemwambia hatimaye imepata kazi. Ule mche wake wa kwanza aliupanda kisimani nyuma ya jiko, umefika mabegani, hauna hata kitumba, na amekuwa akinishuku kuwa nilimpa dume.

Nyota moja ya mbegu kuota. Moja ya lile ua la kwanza. Ya tatu ipo, naishikilia mkononi, muuzaji akisoma hapa na aende kwenye tangazo lake afute "haifi kwa lolote" aandike "yataka taa usiku na maji mengi", nami nitarudi kuiweka siku hiyo hiyo.